Fumo Liyongo: Mtu na Ngano Yake

Ngano za bibi zetu zina desturi zake. Huanza kwa paukwa na pakawa, kisha huja mfalme asiye jina katika mji asioujua mtu. Lakini hadithi ya Fumo Liyongo, niliyosimuliwa tangu nikisoma chuoni, ina majina: Pate, Shaka, Ozi. Nilipofika Golbanti, nikatazama Mto Tana ukiteremkia Kipini, swali langu la utotoni lilinirudia. Je, huyu alikuwa mtu, ama ni ngano?

Yasimuliwa kwamba Liyongo alikuwa mwana wa mfalme, ila kiti kilishikwa na nduguye, Daudi Mringwari. Alikuwa jitu la mtu, fundi wa uta na bingwa wa mashairi. Wagala, ambao leo ni Waorma, walipomwona huko Pate walimtamani awe mkwe wao. Wakamwoza binti yao, akazaa naye mwana.

Sifa hizo zilimtia mfalme khofu. Aliwatuma Wasanye na Wadahalo, nao wakafanya shauri la kula makoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu, na Liyongo akiwa juu wamfume. Zamu yake ilipofika, alisimama chini akayaangusha makoma kwa mishale.

Baadaye alitiwa gerezani. Kijakazi Saada akimpelekea chakula kutoka kwa mamake, walinzi walikila kizuri wakamwachia makombo. Liyongo akatuma neno kwa fumbo, na mamake akaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi hawakuutaka mkate ule. Usiku wa ngoma ya gungu, matoazi yakilia, yeye alikuwa akikata minyororo.

Mfalme hakuchoka. Alimwahidi mwana wa Liyongo ufalme na mke, naye akamdadisi babake hata akaijua siri: hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Akamchoma usingizini. Liyongo aliamka, akashika uta wake, akapiga goti karibu na kisima, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji walikaa bila maji, wakidhani yu hai, na mamake akaenda kumbembeleza mpaka mwili ulipoanguka.

Sasa tuipime, msomaji wangu. Mfalme mwenye wivu, mtihani wa werevu, mtumwa mwaminifu, mahali pamoja pa mauti: haya yote ni mali ya ngano za dunia nzima. Wayunani wana Achilles na kisigino chake. Wajerumani wana Siegfried na bega lake. Kwa hiyo wako wasemao kwamba Liyongo hakuwapo kamwe. Hata wanaokubali kuwa alikuwapo hawapatani juu ya zama zake: wengine humweka kabla ya mwaka 1200, wengine karibu na 1600.

Mimi naona ngano ni chombo tu. Wazee wasio na daftari walikitumia kuhifadhia mambo yao. Edward Steere aliichapa hadithi hii mwaka 1870, Muhammad Kijumwa akaitungia utenzi mwaka 1913, na wenyeji wakali wakionyesha kaburi huko Ozi. Tena kuna mahali ambapo desturi ya ngano yavunjika. Katika ngano, aliyeahidiwa binti wa mfalme humpata, na shujaa huishi raha mustarehe. Hapa shujaa amekufa, na kijana hakupata kiti wala mke. Alipata fedheha na mauti. Mtunzi wa kufurahisha watoto asingemaliza hivyo. Huo ni mwisho wa watu waliokumbuka jambo lililowauma.

Na bado lauma. Mwaka 2012 Waorma na Wapokomo wa nchi hii ya Tana waliuana kwa ajili ya malisho na maji, wakafa zaidi ya mia moja. Hadithi yao wenyewe yawaambia kwamba mwana wa Liyongo alikuwa damu ya pande mbili, na kwamba sindano ilitoka kwa mtu wa mbali aliyekaa kitini akigawa ahadi. Kila kijana wa Golbanti anayeahidiwa makuu ili amdhuru jirani yake, na asimuliwe kwanza yaliyompata mwana yule.