Anthony Allison, Aliyeifuata Siri ya Damu Yetu

Huku Pwani yetu maradhi ya selimundu si mageni. Mtoto huzaliwa mzima, akapita miezi michache, kisha vidole vikamvimba, macho yakawa manjano na mifupa ikamuuma usiku kucha. Aghalabu tulimfunga hirizi, na mama mtu akasingiziwa mkosi. Leo nataka kuwasimulia, wasomaji wapendwa, maisha ya mtu aliyebainisha sababu ya maradhi haya kufanya maskani kwetu.

Jina lake Anthony Allison. Alizaliwa mwaka 1925 mjini East London, Afrika Kusini, akalelewa katika shamba la wazazi wake Gilgil, hapa Kenya. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford kusomea udaktari.

Niliwahi kukaa siku chache Mukuyuni, kule Makueni katika nchi ya Wakamba. Mzee mwenyeji wangu aliniuliza hayo maradhi ya watoto wa Pwani ni yapi, kwani katika ukoo wake hajapata kuyaona. Nikamweleza kwamba swali lake lilikwisha kumshughulisha Allison zamani. Mwaka 1949 alifuatana na msafara wa Oxford uliokuja Mlima Kenya. Wenziwe walikusanya mimea na wadudu, naye akakusanya damu za makabila mbalimbali, akazitazama kwa hadubini kuona ni zipi ambazo chembe zake hupinda mfano wa mundu.

Alichokikuta kilimshangaza. Watu wa Pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria walikuwa na alama hiyo zaidi ya 20 katika kila 100. Katika nyanda za juu na nchi kavu hawakutimia hata mmoja katika 100. Wala haikuwa hoja ya kabila au lugha, ilikuwa ni hoja ya mahali.

Yafaa tufahamu kwamba mwenye kurithi alama hiyo kwa mzazi mmoja huishi kama watu wengine. Anayeirithi kwa baba na kwa mama pia ndiye anayeugua. Basi hapo pana kitendawili: ikiwa wagonjwa wengi walikuwa wakifa kabla ya kuzaa, mbona alama yenyewe haikutoweka? Allison akakumbuka kwamba kule ilikozidi ndiko kwenye mbu na homa ya malaria.

Alirudi mwaka 1953. Huko Buganda aliwapima watoto 290. Kati ya 43 wenye alama, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa navyo. Kisha wanaume 30 wa Kijaluo wakajitolea kutiwa vijidudu hivyo. Katika 15 wasio na alama, 14 walishikwa; katika 15 wenye alama, walishikwa 2 tu. Walitibiwa, lakini jaribio la namna hiyo leo lisingepita bila ya maswali mengi, na ni haki yaulizwe.

Matokeo hayo yalichapishwa katika British Medical Journal tarehe 6 Februari 1954, na mwaka huohuo akatoa makala nyingine juu ya jambo lilelile. Hayakupokelewa na wote. Mwaka 1955 wataalamu wa Marekani walifanya jaribio lao wasione kinga yoyote. Walakini ushahidi uliendelea kujaa, na mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, hapa kwetu, walionyesha kwamba mwenye alama moja hukingwa na malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Allison hakuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya maradhi ya mifugo. Baadaye huko California, yeye na Elsie Eugui walitengeneza dawa ya kuuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa. Alifariki mwaka 2014.

Wanavyuoni wa sayansi humpima mwenzao kwa idadi ya wanaozitaja makala zake. Kwa kipimo hicho Allison ni tajiri, kwani hapana kitabu cha maana cha elimu ya urithi kisichoitaja kazi yake ya 1954. Mimi nina kipimo changu: je, elimu iliyotoka katika damu zetu imefika barazani tunapokaa kuposa?

Kwetu huuliza ukoo, dini na tabia, na binamu kwa binamu huozana. Wenye alama wawili wakioana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Saudia imelazimisha kipimo hiki kabla ya nikahi tangu mwaka 2004. Si uchawi, si mkosi wa mama. Ni urithi wa baba na mama sawasawa. Tone moja la damu hutosha kutujulisha, basi na tulitoe kabla ya kuitwa mashahidi.