Vinoo Mankad

Vinoo Mankad (jina kamili: Mulvantrai Himmatlal Mankad, Jamnagar, 12 Aprili 1917 – Bombay, leo Mumbai, 21 Agosti 1978) alikuwa mchezaji wa kriketi kutoka Uhindi. Alikuwa mpigaji wa mkono wa kulia na mrushaji wa mipira ya polepole ya kuzunguka (spini) kwa mkono wa kushoto. Anahesabiwa kati ya wachezaji bora wa pande zote katika historia ya nchi yake.

Maisha ya awali

Mankad alizaliwa Jamnagar, mji mkuu wa utawala wa Nawanagar, ambao leo ni sehemu ya jimbo la Gujarat. Jina la Vinoo lilikuwa la utani tangu utotoni. Alifundishwa kriketi na Bert Wensley, Mwingereza aliyewahi kuchezea Sussex, na alikuwemo katika timu ya Nawanagar iliyotwaa Kombe la Ranji msimu wa 1936-37. Msimu uliofuata timu ya Lord Tennyson kutoka Uingereza ilizuru Uhindi, na kijana huyo wa miaka 20 aling'ara kwa kupiga na kwa kurusha.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilisimamisha michezo ya kimataifa, hivyo alicheza mechi yake ya kwanza ya Testi (mechi ndefu za kimataifa) mwaka 1946 tu, akiwa na miaka 29. Katika ziara hiyo ya Uingereza alipata mbio 1,120 na wiketi 129, hesabu za mechi zote za daraja la kwanza.

Miaka ya 1952 na 1956

Uhindi ilicheza Testi yake ya kwanza mwaka 1932, lakini ilingoja miaka 20 kupata ushindi. Ulipatikana Madras mwezi Februari 1952 dhidi ya Uingereza, na Mankad alichukua wiketi 12 katika mechi hiyo: 8 katika zamu ya kwanza na 4 katika ya pili.

Hata hivyo, wakuu wa kriketi hawakumhakikishia nafasi katika ziara ya Uingereza ya mwaka huohuo. Kwa sababu hiyo alifanya mkataba na klabu ya Haslingden katika ligi ya Lancashire. Baada ya Uhindi kushindwa Testi ya kwanza, aliombwa kutoka klabu hiyo acheze uwanja wa Lord's. Alifunga mbio 72 na 184, akarusha ova 97 kwa jumla na kuchukua wiketi 5. Uhindi ilishindwa kwa wiketi 8, lakini mechi hiyo bado hukumbukwa kwa jina lake.

Oktoba 1952 alichukua wiketi 13 dhidi ya Pakistan mjini Delhi. Alifikisha mbio 1,000 na wiketi 100 katika Testi 23 tu, rekodi iliyovunjwa na Ian Botham mwaka 1979. Januari 1956 mjini Madras, yeye na Pankaj Roy walifungua zamu dhidi ya New Zealand na kupata pamoja mbio 413, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2008. Mankad mwenyewe alipata mbio 231 katika zamu hiyo.

Tukio la Sydney

Pamoja na hayo yote, nje ya Uhindi jina la Mankad linajulikana zaidi kwa jambo moja. Katika kriketi wapigaji wawili huwa uwanjani pamoja, mmoja kila upande. Mrushaji anapokuja kurusha, mpigaji aliye upande wake mara nyingi husogea mbele mapema ili apunguze umbali wa kukimbia. Sheria inamruhusu mrushaji kuvunja vijiti vya upande huo kwa mpira, na mpigaji aliyetoka nje ya mstari anakuwa ametolewa.

Katika ziara ya Australia ya 1947-48, Mankad alimwonya Bill Brown kwa kosa hilo katika mechi isiyo ya Testi, kisha akamtoa aliporudia. Desemba 1947, katika Testi ya Sydney, alimtoa tena kwa njia hiyohiyo. Magazeti ya Australia yalimlaumu kwa kukosa uungwana, lakini Don Bradman, nahodha wa Australia, alimtetea.

Tangu hapo njia hiyo ilipewa jina lake, mara nyingi kama lawama. Familia yake na wachezaji wengine wa Uhindi, akiwemo Sunil Gavaskar, walipinga matumizi hayo, kwa kuwa Mankad alifuata sheria na Brown ndiye aliyetoka mstarini. Mwaka 2022 klabu ya MCC, inayotunga sheria za kriketi, ilikiondoa kipengele hicho katika sheria ya mchezo usio wa haki na kukiweka pamoja na njia nyingine za kawaida za kumtoa mpigaji.

Mwisho na urithi

Mankad alicheza Testi yake ya mwisho mwaka 1959. Katika Testi 44 alipata mbio 2,109 na wiketi 162, na ni mmoja wa wachache waliowahi kupiga katika nafasi zote 11. Mwanawe Ashok pia alichezea Uhindi. Serikali ilimpa nishani ya Padma Bhushan mwaka 1973, na mwaka 2021 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Baraza la Kimataifa la Kriketi. Mashindano ya Uhindi ya vijana wa chini ya miaka 19 yana jina lake.