Ibn Battuta na Kitabu cha Safari Zake

Ibn Battuta alizaliwa mwaka 1304 katika mji wa Tangier, nchi ya Moroko. Mwaka 1325 aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji Makka, na hija ilipokwisha akaendelea na safari. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Baadaye, huko Bukhara, alinakili majina ya wanazuoni na ya vitabu vyao kutoka katika makaburi yao; kisha akaenda Bara Hindi. Huko maharamia walimteka baharini, wakamnyang'anya mali na maandiko yake, wakamwachia suruali tu.

Alirudi kwao mwaka 1349. Hatimaye Sultani Abu Inan wa Moroko alimwamuru asimulie safari zake zote, na mwandishi hodari, Ibn Juzayy, aziandike. Basi msafiri yule, ambaye maandiko yake yalikuwa yamepotea, akaikumbuka miji na watu wake, akasimulia mpaka kazi ikamalizika mwaka 1355.

Kwa sababu hiyo twajua hata leo ya kuwa Kilwa ya siku zile ilikuwa mji mzuri wenye nyumba za miti, na ya kuwa sultani wake, Hasan bin Sulaiman, aliitwa Baba wa Vipawa kwa ajili ya ukarimu wake.