Kapteni Webb, Mtu Aliyeogelea Hadi Ufaransa

Wapendwa, wiki hii nawaletea maisha ya mwogeleaji. Najua wengi wetu tulikulia mbali na bahari, na maji tuliyoyaogopa ni yale ya mto wa kijijini wakati wa masika. Hata hivyo nisomeeni polepole. Huyu mtu nimemfikiria kwa miezi kadhaa sasa, na kila kijana anaponijia kuuliza habari za kuanza biashara, namkumbuka yeye.

Jina lake ni Matthew Webb. Alizaliwa tarehe 19 Januari 1848 katika mji mdogo wa Dawley, jimbo la Shropshire huko Uingereza, sehemu ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa daktari, na nyumba ilijaa watoto. Karibu na hapo unapita mto Severn, na humo ndimo Matthew na ndugu zake walimojifunzia kuogelea. Akiwa bado kijana alimwokoa mdogo wake asizame katika mto huohuo. Alipofika umri wa miaka 12 alipelekwa kwenye meli ya mafunzo iliyotia nanga kule Liverpool, na kutoka hapo akawa baharia wa meli za biashara. Hakuwa mwana wa tajiri wala mwanariadha wa shule kubwa. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye kifua kipana, ambaye maji hayakumtisha.

Mwaka wa 1873 alikuwa afisa kwenye meli ya abiria iliyoitwa Russia, wakitoka New York kurudi Liverpool. Katikati ya Atlantiki, bahari ikiwa imechafuka, baharia mmoja alianguka majini. Webb hakungoja amri. Aliruka na nguo zake kumfuata. Hebu fikiria jambo hilo kidogo: meli iko kwenye mwendo, haiwezi kusimama papo hapo kama matatu, na kila dakika inayopita inakuacha nyuma zaidi. Maji ni ya baridi na mawimbi yanakuficha. Aliogelea huku na huku akimtafuta yule mwenzake mpaka mashua ikamfikia. Yule baharia hakuonekana tena.

Kwa hiyo ukiitazama kama mtu wa hesabu, ile kazi haikuzaa matunda. Lakini watu waliokuwa kwenye ile meli waliona walichokiona. Webb alipewa pauni 100, na mwaka uliofuata akawa mtu wa kwanza kabisa kupokea nishani ya Stanhope, ambayo hutolewa kwa tendo la ushujaa wa kuokoa maisha. Mimi binafsi naona hapo ndipo pahali alipokuwa mkubwa kuliko pote, hata kuliko pale palipompa jina. Lakini tuendelee.

Mwaka huohuo wa 1873 alikuwa amepanda cheo na kuwa kapteni wa meli iitwayo Emerald. Siku moja akasoma habari za mtu aitwaye J. B. Johnson, aliyekuwa amejaribu kuogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa akashindwa. Kati ya nchi hizo mbili kuna mkono wa bahari, na pale Dover ambapo ni pembamba zaidi upana wake ni kilomita 33 hivi. Hakuna mtu aliyekuwa amethibitishwa kuuvuka kwa nguvu za mwili wake tu. Webb akaisoma ile habari, akaiweka moyoni, na baadaye akaacha kazi.

Ndiyo, aliacha kazi. Kapteni wa meli, mwenye mshahara, anaacha kazi aende kuogelea! Angekuja ofisini kwangu na mpango huo ningemwambia arudi melini Jumatatu asubuhi. Soko la jambo hilo halikuwapo, mteja hakuwapo, na mfadhili hakuwapo. Alifanya mazoezi katika mabwawa ya Lambeth jijini London, kisha katika mto Thames, kisha baharini kwenyewe.

Mei 1875, Mmarekani mmoja aitwaye Paul Boyton alimtangulia. Alivuka akiwa ndani ya vazi la mpira lililojazwa hewa, akilala chali na kujisukuma kwa kasia. Magazeti yalishangilia. Lakini ukiangalia sawasawa, yule alikuwa mashua yenye kichwa cha mtu. Webb alitaka kuvuka bila chombo cha kumwelea.

Tarehe 12 Agosti 1875 akaingia majini. Upepo ukazidi, bahari ikachafuka, na baada ya saa kadhaa ikabidi atolewe. Watu wengi wangeishia hapo, wakae na heshima ya kujaribu. Siku 12 baadaye, tarehe 24 Agosti, alisimama tena kwenye gati la Dover, mwili umepakwa mafuta ya pomboo ili baridi isimwingie haraka. Ilikuwa saa saba kasoro dakika nne mchana alipojitosa. Mashua tatu zilimsindikiza, lakini hakuna mkono ulioruhusiwa kumshika.

Aliogelea kwa mtindo wa kifua, ule wa kusukuma maji kama chura, kichwa kikiwa juu. Mtindo wa siku hizi wa kurusha mikono kwa zamu haukuwa umeenea. Kutoka mashuani walimpitishia kahawa, supu ya nyama, mafuta ya ini la samaki, na pombe kali ya brandi. (Hiyo ya mwisho msinitumie ujumbe, wapendwa. Watu wa nyakati zile waliamini inatia mwili joto. Madaktari wa leo wanasema kinyume.) Usiku ukaingia. Yavuyavu wakamchoma. Kama hujawahi kuwaona, ni viumbe laini vya baharini, na wakikugusa ngozi inawaka kama umeguswa na upupu. Akaendelea.

Sasa sikia tatizo la mkono ule wa bahari. Maji yake hayatulii. Yakijaa hukimbilia upande mmoja, yakipwa hukimbilia upande wa pili, na mabadiliko hayo hutokea kila baada ya saa sita hivi. Mwogeleaji anaelekeza uso Ufaransa, lakini maji yanambeba kando. Kwa hiyo njia ya Webb haikunyooka. Ilienda ikipinda kushoto na kulia, na zile kilomita 33 zikawa karibu 64. Hapa kwetu ni kama kutoka Nairobi hadi Thika, halafu uongeze nusu ya safari hiyo tena, yote ukiwa majini.

Na lililo gumu kuliko yote likaja mwisho. Asubuhi ilipokucha, nchi ya Ufaransa ilikuwa mbele yake, anaiona. Lakini mkondo karibu na rasi ya Cap Gris Nez ulimzuia kuikaribia. Kwa saa 5 hivi aliogelea akiiangalia ardhi asiyoweza kuifikia. Nimejaribu kuwaza saa hizo nikashindwa. Giza la usiku lina afadhali yake, maana huoni unachokikosa. Lakini kuona pwani, kupiga maji, kuinua macho tena na kukuta pwani iko palepale! Wapo kati yetu wanaoijua hali hiyo na hawajawahi kugusa bahari: waliobakiza mtihani mmoja, waliobakiza awamu ya mwisho ya mkopo.

Saa nne na dakika 41 asubuhi ya tarehe 25 Agosti, miguu yake iligusa mchanga karibu na Calais. Alikuwa majini kwa saa 21 na dakika 45. Alikuwa na miaka 27.

Mapokezi aliyoyapata ni ya mfalme. Alipofika nyumbani Shropshire watu walijaa barabarani, na wenyeji mpaka leo wana hadithi yao kwamba hata nguruwe mmoja aliinuka akaegemea ukuta ili auone msafara. Watu wa soko la hisa la London walimchangia fedha, harambee ya kweli. Kitabu chake cha kufundisha kuogelea kilichapishwa. Jina lake na picha yake vikawekwa kwenye bidhaa, na maarufu zaidi ni viberiti: ukinunua kiberiti, unakutana na Kapteni Webb mwenye masharubu.

Hapa ndipo ile shahada yangu ya biashara inapoanza kunisumbua. Webb alikuwa na nini cha kuuza? Hakurudi kwenye kazi ya ukapteni. Alikuwa na jina, na alikuwa na mwili. Jina, bila kulishwa, hupoa. Watu waliomshangilia mwaka 1875 walihitaji kitu kipya mwaka 1877, na kingine mwaka 1879. Kwa hiyo ukabaki mwili. Mwili ndio uliokuwa mtaji wake, na mtaji huo hakuwa anauzungusha, alikuwa anaula.

Alishindana na waogeleaji wengine kwa dau la fedha. Alienda Marekani kuonyesha uwezo wake. Wakati mmoja alikaa ndani ya tangi la maji, akielea, kwa saa 128, huku watu wakilipa kiingilio kumtazama. Yule aliyeruka Atlantiki kumtafuta mwenzake, sasa anaelea ndani ya tangi kama samaki wa maonyesho. Simcheki. Naandika hivi nikijua ndugu wangapi wanafanya kazi isiyolingana na heshima yao kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Afya yake ilianza kuzorota. Vijana waliokuwa wepesi zaidi walianza kumshinda.

Mwezi Aprili 1880 alimwoa Madeline Kate Chaddock. Mungu akawapa watoto wawili, mvulana aliyeitwa Matthew kama baba yake, na msichana, Helen. Sasa hesabu ilikuwa ya watu wanne.

Ndipo akatangaza jambo la mwisho. Kwenye mpaka wa Marekani na Kanada kuna maporomoko ya Niagara. Chini ya maporomoko hayo mto unabanwa katikati ya kuta za miamba, maji yanakimbia kwa kishindo, kisha yanaingia kwenye shimo kubwa ambamo huzunguka na kuvuta chini kila kilichomo. Webb alisema ataogelea hapo. Alitarajia fedha ambazo zingeirudisha nyumba yake kwenye msimamo. Waliojua mto ule walimwonya. Hakukosa maonyo, wala hakukosa akili. Alikuwa baharia tangu utotoni, na maji alikuwa anayasoma kuliko waliokuwa wanamwonya. Nafikiri alijua. Nafikiri pia kwamba mtu aliyewahi kushinda jambo ambalo wote walisema haliwezekani huwa na ugumu wa kipekee: akiambiwa tena kwamba haliwezekani, anasikia sauti zilezile za zamani, na zile zilikuwa zimekosea.

Tarehe 24 Julai 1883, saa kumi na dakika 25 jioni, aliruka kutoka kwenye mashua ndogo karibu na daraja la reli. Watu waliokuwa kando ya mto walimwona akipita katikati ya mawimbi, akizama, akiibuka. Inaelekea alivuka sehemu ya kwanza akiwa hai. Karibu na lile shimo la maji akapotea machoni pao. Mambo yote yalikwisha ndani ya dakika chache tu, kwa mtu aliyewahi kukaa baharini karibu siku nzima. Mwili ulipatikana siku 4 baadaye, chini mtoni. Alikuwa na miaka 35.

Baada yake wengi walijaribu kuvuka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa, na kwa miaka 36 hakuna aliyeweza. Wa pili alikuwa Mwingereza aitwaye Thomas William Burgess, mwaka 1911, naye alitumia muda mrefu kuliko Webb. Mwaka 1926 akaja msichana wa New York, Gertrude Ederle, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka, na muda wake ukawa mfupi kuliko wa wanaume wote waliomtangulia. Siku hizi wanaovuka ni wengi, na kila mmoja hupakia mashua yake na kumwaga kahawa yake katika maji yaleyale ambayo Webb aliyaingia bila kuwa na wa kumuuliza yakoje.

Amezikwa katika makaburi ya Oakwood, mjini Niagara Falls, ng'ambo ya bahari kutoka alikozaliwa. Mwaka 1909 kule Dawley ulifunguliwa mnara wa kumkumbuka. Madeline alibaki mjane na watoto wawili ambao hawakuwa wamefikia umri wa kwenda shule. Na vile viberiti vyenye picha ya Kapteni Webb viliendelea kuuzwa madukani kwa miaka mingi baada ya yeye kufa.