Ken Saro-Wiwa: Msee aliyeandika ukweli wa vita kwa lugha ya mtaa

Kama umewahi kuambiwa Sheng inaharibu lugha, kaa hapa kidogo. Kuna msee wa Nigeria alichukua aina ya lugha ambayo mwalimu angekukatia alama, akaandika nayo riwaya nzima ya vita. Jina lake Ken Saro-Wiwa, na kitabu kinaitwa Sozaboy. Kilitoka 1985, na hapo chini ya jina akatangaza wazi kuwa ni riwaya ya Kiingereza kilichooza: pijini ya Nigeria, Kiingereza kilichovunjika, na mara moja moja kile kizuri kikichungulia.

Na usidhani alikosa kile cha darasani. Ken alizaliwa 1941 huko Bori, kwa Waogoni, kwenye delta ya mto Niger. Akasomea shule ya Umuahia, kisha akachukua digrii ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Ibadan. Kuandika kama profesa aliweza. Aliona tu kijana wa kijijini anayepelekwa vitani hawezi kubonga kama profesa.

Sasa cheki hiyo vita yenyewe. 1967 upande wa mashariki wa Nigeria ulijitenga chini ya Ojukwu, ukajiita Biafra. Julai serikali ikatuma jeshi. Mambo yalikwisha Januari 1970, na watu zaidi ya milioni walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa. Waigbo ndio walikuwa wengi ndani ya Biafra. Waogoni walikuwa kabila dogo lililojikuta huko bila kuulizwa.

Ken hakukaa kwa ua. Alihepa Biafra akaenda upande wa serikali, na serikali ikamfanya msimamizi wa Bonny, mji wa bandari ambako mafuta hupakiwa melini. Wako waliomwona msaliti, na hawakubadilisha mawazo. Kwa hivyo ungetarajia riwaya yake ipigie debe timu yake, si ndio? Haifanyi hivyo. Soma Sozaboy mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali anakuonyesha kwamba hawa ndio Biafra na wale ndio serikali. Kuna huku na kuna kule, basi.

Anayesimulia ni chali anaitwa Mene, wa kijiji cha Dukana. Anajifunza udereva wa lori, mathe wake ni mjane, na yeye ndiye mtoto pekee. Anakutana na mresh anaitwa Agnes kwenye baa moja, anaingia box mzima mzima. Lakini Agnes anataka mwanaume wa kumlinda shida ikija. Pale kijijini kuna mzee Zaza, aliyepigana Burma wakati wa vita vya Hitler, na hadi leo anaringa nayo. Mene anaanza kujiona ndani ya yunifomu, bunduki begani, kijiji kizima kikimshangilia. Mathe analia, yeye haskii. Anaingia jeshi.

Cheki vizuri sababu zake. Hakuna bendera hapo, wala siasa. Ni yunifomu na dem. Ken hamcheki kwa hilo, na mimi naona hapo ndipo kitabu kinauma zaidi, juu wewe pia unawajua vijana wa hivyo mtaani kwenu.

Huko kambini Mene anapata beste anaitwa Bullet, kichwa kinachoelewa mambo kumshinda. Bullet na wenzake wanachukua vinywaji vya kapteni. Adhabu ya Bullet ni kunyweshwa mkojo. Siku si nyingi Bullet anampiga kapteni risasi. Soma hapo polepole: hawajapigana na adui hata kidogo, na tayari mtu amekufa, ameuawa na mtu wa upande wake. Halafu ndege inakuja, inaangusha mabomu, na Bullet pia anaenda. Mene hajawahi kumwona adui uso kwa uso akipigana naye.

Au tuseme amemwona, lakini kwa njia ya ajabu. Kuna jamaa mrefu mwembamba anaitwa Manmuswak, jina ambalo kwa pijini linamaanisha mtu lazima ale. Mene alimwona kwanza kwenye baa, akisema kupigana ndiyo kazi anapenda. Baadaye anatokea kama mwanajeshi wa adui, amekuja na bendera nyeupe kugawa sigara. Mene akiumia na kuamkia hospitali ya hao maadui, anayemhudumia ni Manmuswak. Na mwishoni, upande ule ule Mene alianzia, mtu anayetumwa kuwapiga risasi wafungwa ni nani? Huyo huyo. Mene anaponea tu kwa sababu risasi zimeisha.

Hapo ndipo Ken anakuonyesha vita anavyoiona yeye. Pande zote mbili ni sura moja, inafuata mlo. Hata kambi ya wakimbizi, chifu na pasta wa Dukana ndio wanakalia chakula cha watu wao wenyewe, wananenepa huku watoto wakifa njaa. Mene anarudi nyumbani kumtafuta mathe na bibi yake, na anapata wote wawili walikufa kwa bomu. Watu wa Dukana wanamwona mzimu, wanasema ndiye anawaletea ugonjwa. Kijana aliyetaka kushangiliwa anatoroka kijiji chake mwenyewe.

Baada ya vita Ken alikuwa kamishna kwenye serikali ya Rivers, akafutwa 1973. Akafanya biashara, akaandika Basi and Company, ile vichekesho ya TV iliyofanya nchi nzima imjue. Lakini mafuta yalikuwa yanachimbwa Ogoni tangu 1958, mito na mashamba yakiharibika, na doh ikienda kwingine. 1990 akasaidia kuanzisha MOSOP, chama cha kudai haki za Waogoni. Tarehe 4 Januari 1993 watu kama 300,000 walitoka barabarani, mikononi wameshika matawi. Bunduki Ken alizikataa kabisa. Ukiwa umesoma habari za Mene, hushangai.

Mei 1994 machifu wanne wa Ogoni waliuawa na umati. Ken hakuwa hapo, lakini utawala wa kijeshi wa Sani Abacha ulimkamata, ukampeleka mbele ya mahakama maalum, na tarehe 10 Novemba 1995 akanyongwa Port Harcourt pamoja na wenzake wanane. Alikuwa na miaka 54. Viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa kwa mkutano New Zealand, wakaisimamisha Nigeria uanachama. Shell, iliyoshtakiwa huko New York kwa kuhusika, ililipa dola milioni 15.5 mwaka 2009 kumaliza kesi, bila kukubali kosa.

Ukikipata Sozaboy, kurasa za kwanza zitakusumbua. Nyuma kuna orodha ya maneno, lakini usianze nayo. Soma kwa sauti kidogo, kama unabonga na mtu. Ukifika Mene anapomwona Agnes mara ya kwanza, utakuwa ushamskia.