John Evelyn: Aliyeihamishia bustani ya Kifaransa kwenye baridi ya Uingereza

VITA vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uingereza mwaka 1642, John Evelyn, mzaliwa wa Wotton katika jimbo la Surrey, alikuwa na umri wa miaka 21. Mwaka uliofuata aliihama nchi. Alizunguka Ufaransa na Italia, na mwaka 1647 alimwoa jijini Paris Mary Browne, binti wa mwakilishi wa Mfalme Charles wa Kwanza.

Ugenini huko alizichunguza bustani za Kifaransa, zenye njia zilizonyooka, vitalu vya maua vilivyopangwa kwa vipimo na miti iliyopunguzwa ikawa kama kuta. Mojawapo ilikuwa ya Pierre Morin, mkuzaji maua mashuhuri, yenye umbo la yai.

Alirejea mwaka 1652 na kukaa Sayes Court, Deptford, nyumba ya ukoo wa mkewe karibu na Mto Thames. Mwaka 1653 alianza kuugeuza uwanja mtupu kuwa bustani, akiiga umbo la ile ya Morin. Mwaka 1658 alichapisha tafsiri ya kitabu cha Nicolas de Bonnefons kuhusu matunda na mboga, ili ujuzi huo uwafikie Waingereza wasiojua Kifaransa.

Hata hivyo, maarifa huvuka bahari kwa wepesi kuliko mimea. Katika baridi kali ya mwaka 1683 hadi 1684, Mto Thames uliganda. Rosemari ya Sayes Court ilionekana imekufa, na michungwa na mihadasi ikadhoofika.

Jibu la Evelyn lilikuwa mti wa kienyeji, mholi, wenye majani ya miiba yanayobaki kijani mwaka mzima na unaostahimili baridi. Kwa mti huo alipata ukuta wa kijani wa mtindo wa Kifaransa. Matoleo ya baadaye ya kitabu chake, Sylva, yanautaja ua wa futi 400 kwa urefu na futi tisa kwa kimo.

Mwaka 1698 Mfalme Peter wa Urusi, aliyefika Deptford kujifunza uundaji wa meli, alikaa katika nyumba hiyo. Inasimuliwa kuwa alijiburudisha kwa kusukumwa ndani ya toroli hadi kuupenya ua huo. Serikali ililipa fidia ya zaidi ya pauni 300.

Evelyn alifariki dunia Februari 27, 1706, akiwa na umri wa miaka 85. Bustani yake imetoweka, lakini mholi ungali unapandwa kuwa ua katika bustani za Uingereza.