Elizabeth Arden: Binti wa mchuuzi aliyeuondolea mdomo mwekundu aibu

Mwanamke anayepanda matatu asubuhi akiwa amejipaka rangi ya mdomo nyekundu ya kukolea hamshtui mtu siku hizi. Makanga atamdai nauli kama abiria wengine na safari itaendelea.

Nyanya zetu walikuwa na jina la mwanamke wa aina hiyo, na si jina la kuchapishwa gazetini. Wala hawakuwa peke yao. Katika Uingereza na Marekani za karne ya 19, uso uliopakwa rangi ulichukuliwa kuwa wa mwigizaji wa jukwaani au wa kahaba. Mke wa mtu mwenye heshima zake alijifinya mashavu na kujiuma midomo ili damu ipande, kisha akaingia sebuleni akijifanya ndivyo alivyoumbwa.

Miongoni mwa waliouvunja mwiko huo, wachache walifika mbali kama Elizabeth Arden, ambaye jina lake bado limo kwenye vipodozi madukani. Jina lenyewe hakupewa na wazazi wake.

Alizaliwa akaitwa Florence Nightingale Graham, katika kijiji cha Woodbridge karibu na Toronto, nchini Canada. Tarehe inayotajwa na wengi ni 31 Desemba 1881. Babake, William Graham, alikuwa mhamiaji kutoka Scotland aliyeishi kwa kilimo kidogo na uchuuzi. Mamake, Susan, aliyetoka Cornwall nchini Uingereza, alifariki kwa kifua kikuu watoto wakiwa bado wadogo.

Pesa zilikuwa za shida katika nyumba hiyo. Farasi walikuwapo, na msichana alijifunza mapema kuwatunza. Farasi hao tutawarudia.

Kwa kuwa alikuwa amebeba jina la muuguzi maarufu kuliko wote, alijaribu kusomea uuguzi mjini Toronto. Hakuyamudu mambo ya wodini na akaacha. Baada ya kubahatisha vibarua vya ofisini, mnamo 1908 hivi alimfuata kakake New York. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 30, wakati ambapo majirani huko kwao wangekuwa wamekwisha kumhesabu mwanamwali aliyekosa mume.

Alipata kazi katika saluni ya Eleanor Adair, ambako aliujua ufundi wa kukanda nyuso za wanawake matajiri. Mwaka 1909 alishirikiana na mwanamke aliyeitwa Elizabeth Hubbard kufungua saluni yao katika barabara ya Fifth Avenue. Ushirika huo haukudumu. Hubbard alikwenda zake, Florence akabaki na chumba.

Alikopa dola 6,000 kutoka kwa jamaa yake, kiasi kikubwa sana kwa enzi hizo. Jina la Elizabeth, ambalo tayari lilikuwa mlangoni, aliliacha palepale. La pili alilitoa katika utenzi wa Mwingereza Tennyson unaoitwa Enoch Arden. Kufikia 1910 Florence Graham alikuwa ametoweka na Elizabeth Arden akawa amezaliwa. Mlango wa saluni ukapakwa rangi nyekundu.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mlango ule ndio uliokuwa werevu wake mkubwa. Haukuwa uchochoroni. Ulikuwa kwenye barabara ya wenye nazo, ukitazama watu. Mama tajiri aliyetaka kupodolewa hakuhitaji kujifunika mtandio na kupita nyuma kama anayekwenda kwa mganga. Aliingia mchana kweupe, akakuta vyumba vilivyopambwa na vikopo vilivyofungwa kwa utepe. Akitoka hapo, hakuna aliyethubutu kumfananisha na mwanamke wa mitaani, kwani wanawake wa mitaani hawakuwa na uwezo wa kulipa bei za Arden.

Isitoshe, hakuwa na pupa. Alianza na krimu na losheni, vitu ambavyo hata mke wa kasisi angeweza kuvitetea. Mnamo 1914 alimwajiri mwanakemia, Fabian Swanson, aliyemtengenezea krimu laini kama povu la maziwa. Alisafiri pia hadi Paris kuona jinsi wanawake wa huko walivyojipamba. Rangi za mashavu na poda zilifuata polepole, na mwishowe rangi ya mdomo. Wateja waliokuwa wamezoea kuuma midomo walijikuta wameufikia wekundu bila kukumbuka ni lini walivuka mpaka.

Ipo simulizi inayopendwa sana kwamba mnamo 1912, wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walipoandamana New York, Arden alisimama nje ya saluni akiwagawia rangi nyekundu ya mdomo. Ni hadithi tamu, lakini ushahidi wa wakati huo ni haba na inafaa isimuliwe kwa tahadhari. Lisilo na shaka ni kwamba katika miaka hiyo hiyo wanawake walikuwa wakitoka kwenda kazini na kudai kura, na uso uliopakwa rangi ulitoka pamoja nao. Wanawake wa Marekani waliipata haki hiyo nchi nzima mwaka 1920.

Katika miaka ya 1930 Arden aliwashawishi wateja kwamba rangi moja ya mdomo haitoshi, na kwamba rangi ifuate vazi alilovaa mtu siku hiyo. Hapo biashara na ujasiri vilikuwa vimeoana. Mwanamke alipata uhuru wa kuchagua, naye Arden akauza vijiti sita badala ya kimoja.

Kilele kilikuja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kupunguza utengenezaji wa vipodozi ili malighafi ziende vitani. Amri hiyo haikumaliza hata mwaka. Watawala walitambua kwamba wanawake waliojaa viwandani kuunda ndege na risasi hawakuiona rangi ya mdomo kuwa anasa.

Mwezi Februari 1943 kikosi cha Marine kilianzisha tawi la akiba la wanawake. Sare yao ilikuwa ya kijani, kofia ikiwa na kamba nyekundu. Arden aliwatengenezea rangi ya mdomo iliyolingana na kamba hiyo, akaiita Montezuma Red, jina linalotokana na wimbo wa kikosi hicho. Kanuni za kikosi zilitaka mwanajeshi anayejipaka rangi ya mdomo au ya kucha ahakikishe inapatana na ile kamba.

Hebu msomaji atafakari. Kitu ambacho bintiye mtu angefukuzwa nyumbani kwa sababu yake miaka 40 iliyotangulia, sasa kilikuwa kimeandikiwa kanuni jeshini. Kisha rangi hiyo ikauzwa kwa raia, na wanawake wasiowahi kushika bunduki wakaivaa kwa fahari.

Maishani mwake mwenyewe, mambo hayakunyooka hivyo. Aliolewa na Thomas Lewis mwaka 1915. Mumewe alisaidia sana kukuza mauzo, lakini Arden hakumpa hisa hata moja. Walitalikiana 1934, na baadaye Lewis akaenda kufanya kazi kwa Helena Rubinstein, mzaliwa wa Poland na hasimu mkubwa wa Arden. Wanawake hao wawili waliishi mji mmoja kwa miongo kadhaa, wakinyang'anyana wateja na wafanyakazi, na inasemekana hawakuwahi kusalimiana. Ndoa ya pili, na mwanamfalme wa Kirusi aliyeitwa Michael Evlanoff, haikufika miaka mitatu.

Wafanyakazi wake walimwogopa, na wengi walifutwa kwa makosa madogo. Waliopata huruma yake yote ni farasi. Aliwanunua wengi wa mbio, akaagiza miguu yao ikandwe kwa Eight Hour Cream, krimu ile ile aliyowauzia mabibi wa Fifth Avenue. Mwaka 1946 picha yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la Time, na mwaka huo huo moto ukateketeza zizi karibu na Chicago, ukaua farasi wake zaidi ya 20. Mmoja aliyesalimika, Jet Pilot, alishinda mbio za Kentucky Derby mwaka 1947.

Alipenda kujigamba kwamba majina ya Kimarekani yanayojulikana kila pembe ya dunia ni matatu tu: Singer, Coca-Cola na lake. Kuhusu Singer hatuna ubishi, kwani cherehani hizo bado zinalia kwenye vibaraza vya mafundi wetu. Kuhusu lake, inafaa tuseme ukweli. Matangazo yake yaliwalenga wanawake weupe wenye pesa, na hata rangi zake ziliwafikiria wao. Mwanamke mweusi wa Marekani, aliyetaka mdomo mwekundu unaopatana na ngozi yake, alijitafutia kwingine. Kampuni iliyovuma zaidi kwa kumhudumia, Fashion Fair ya Eunice Johnson wa Chicago, ilianzishwa 1973, wakati Arden alikuwa kaburini.

Yeye aliyewafundisha wengine kutazamwa bila haya alikuwa na mambo yake ya kuficha. Umri wake ulikuwa siri kubwa, na aliupunguza kila alipopata nafasi. Alipofariki New York tarehe 18 Oktoba 1966 akiwa na saluni zaidi ya 100 duniani, wengi walishangaa kusikia alikuwa na miaka 84.

Alizikwa katika makaburi ya Sleepy Hollow, jimbo la New York. Jiwe la kaburi halina neno Arden. Limeandikwa Elizabeth N. Graham: jina la kwanza alilolikuta mlangoni mwa saluni, na la mwisho la mchuuzi wa Woodbridge.